Je, Ibrahimu Alijua?

Siku Gerson Ndahani alipouliza swali lake kwenye somo la Biblia, hakuna aliyemjibu mara moja. Watu waliangalia chini, mmoja akajifanya anatafuta ukurasa, na mke wake, Ritha, akainuka kwenda kuchochea moto ambao haukuwa na haja ya kuchochewa.

Ilikuwa Jumamosi alasiri. Kiangazi kilikuwa kimeshika Makutupora, upepo unafagia vumbi katikati ya mistari ya mizabibu. Waumini wa eneo lile walikuwa na desturi ya kusoma Biblia nyumba kwa nyumba, na zamu ilikuwa imewafikia Gerson na Ritha. Ritha alikuwa amefagia ua tangu asubuhi, akatandika mikeka kivulini na kuazima viti vya plastiki kanisani. Mwalimu alikuwa mgeni kwao. Aliitwa Evelina, mama wa makamo, mtumishi wa serikali aliyehamia Dodoma pamoja na wizara yake na sasa alikuwa anaishi Miyuji. Mchungaji alikuwa amemwomba awe anakuja Makutupora kila Jumamosi, kwa kuwa mwinjilisti wao wa siku zote alikuwa mgonjwa.

Evelina hakufundisha kama mwinjilisti. Mwinjilisti alikuwa akiwaeleza Lutu ni mtoto wa nani na Sodoma ilikuwa upande gani wa bahari. Evelina aliifunga Biblia yake, kidole kikiwa bado ndani, akasema:

"Leo naomba tusisome kama habari za watu waliokwisha kufa. Tusome kama fumbo. Kila mtu aliyemo humu kitabuni ni uamuzi ambao mmoja wetu ameufanya, au yuko njiani kuufanya. Na uamuzi una mkia. Wenyewe unaingia ndani, mkia unabaki nje, mlango haufungiki. Mimi nataka tuutazame mkia."

Watu wakacheka. Gerson naye akacheka.

Kisha Evelina akasimulia jinsi Ibrahimu na Lutu, mtoto wa ndugu yake, walivyokuwa na mifugo mingi mpaka malisho yakawa hayatoshi na wachungaji wao wakaanza kugombana. Ibrahimu, aliye mkubwa, akamwambia mdogo: sisi ni ndugu, ya nini kugombana? Nchi ndiyo hii. Ukienda kushoto nitakwenda kulia, ukienda kulia nitakwenda kushoto. Lutu akainua macho, akaona bonde lenye maji, akalichukua. Na bonde lile ndilo lililokuwa na Sodoma.

Kicheko cha Gerson kilikuwa kimekwisha zamani. Masikio yalimwaka moto. Alitupa jicho kwa majirani, akaona kwamba nao wanamtupia jicho. Hakuna mtu Makutupora ambaye hakuijua habari yake.

Baba yao, mzee Ndahani, alikuwa amewaachia mashamba mawili, yeye na kaka yake Bartolomayo. Moja lilikuwa hapa Makutupora, lina kisima na mizabibu aliyoipanda mzee mwenyewe. La pili lilikuwa Msalato, miiba mitupu na vichuguu. Mwanzoni ndugu walilima pamoja. Lakini mbuzi wa Bartolomayo waliingia kwenye mizabibu wakala machipukizi, kibarua wa Gerson akampiga mmoja akamvunja mguu, wake zao wakarushiana maneno kisimani. Ndipo Bartolomayo alipomwita mdogo wake nyumbani, akamkalisha, akamwambia: "Sisi ni wa tumbo moja. Tusije tukachekwa kwa ajili ya mbuzi. Chagua shamba unalolitaka, mimi nitachukua litakalobaki."

Gerson hakuomba muda. Chai haijapoa alikuwa amekwisha kusema, "Makutupora."

Baadaye ndipo habari za uwanja mpya wa ndege zilipovuma, kisha mitambo ikaja, barabara ikachongwa, na watu wa kila kabila wakaanza kuulizia viwanja Msalato. Bartolomayo alijenga nyumba ya bati la bluu, akanunua pikapu. Kisima cha Gerson nacho kikaanza kubadilika. Maji yalipungua, tena yakawa na chumvi, na ardhi kando ya mizabibu ikafanya ukoko mweupe kama majivu. Miaka mingine zabibu zilikosa mnunuzi zikaozea kwenye matenga.

Gerson hakuwahi kumwambia mtu neno alilokuwa nalo moyoni. Alilitafuna peke yake. Siku hiyo, mbele ya majirani na mwalimu mgeni, lilimtoka.

"Mwalimu, naomba kuuliza. Ibrahimu alijua?"

"Alijua nini, baba?"

"Kwamba Sodoma itaungua. Alipomwambia Lutu chagua, alikuwa anajua?"

Ndipo watu walipoangalia chini.

Evelina alifikiri. "Maandiko hayasemi."

"Najua hayasemi. Ndiyo maana nauliza."

"Mimi ninavyoliona fumbo hili, halituulizi Ibrahimu alijua nini. Linatuuliza Lutu alipoinua macho alitazama nini."

"Alitazama maji," Gerson akasema. "Mkulima atazame nini kingine?"

Hakuna aliyecheka tena. Waliimba wimbo wa kufungia, wakanywa chai haraka haraka, wakaaga. Ritha alipokuwa akiosha vikombe Gerson alisimama nyuma yake.

"Nani amemwambia yule mama habari zetu?"

"Habari zipi? Amesoma Biblia."

"Biblia ni nene, Mama Tumaini. Kwa nini afungue hapo hapo, siku ya zamu yetu?"

Ritha hakugeuka. "Wiki iliyopita alisema leo tunafika kwa Lutu. Kama ulikuwa hukusikiliza, mimi nifanyeje?"

Jibu lilikuwa la haki, lakini Gerson aliona jinsi mkewe alivyokazana kusugua kikombe ambacho kilikuwa safi, akaliweka jambo hilo akilini.

Jumamosi iliyofuata alikuwa dukani kando ya barabara kuu, anatafuta mpira wa kuzibia bomba, alipoiona pikapu ya Bartolomayo inakuja kutoka upande wa mjini. Ilisimama. Mlango wa abiria ukafunguka, akashuka Evelina, Biblia kwapani. Aliinama dirishani akasema kitu, Bartolomayo akacheka, gari likageuza likarudi lilikotoka.

Gerson alisimama pale dukani na mpira mkononi, muuzaji anamwita hasikii. Sasa alikuwa ameona kwa macho yake. Alingoja mwalimu afike karibu, akamsalimu kwa adabu, kisha akamuuliza kama anamfahamu yule dereva.

"Simfahamu vizuri," Evelina akasema. "Daladala yangu ya kawaida ilijaa, nikapanda ya kuishia Msalato, pale nikamwomba lifti. Amenileta mpaka hapa bila kunitoza kitu. Baba mwenye heshima kweli."

"Ni kaka yangu."

Evelina alishangaa, au Gerson aliona kama anajitahidi kushangaa. "Kumbe! Hakuniambia."

"Hakukwambia lolote?"

Evelina alimtazama usoni. "Baba Tumaini, nimelifundisha somo la Lutu Bukoba, nikalifundisha Morogoro, na sasa huku. Kila mahali mtu mmoja huja kuniuliza nani amenituma. Hajawahi kunituma mtu."

Maneno hayo yangeweza kumtuliza mtu mwingine. Gerson alifikiri: mtu ambaye hakutumwa hawi na jibu lililo tayari namna hiyo. Siku hiyo hakwenda kwenye somo. Ritha alikwenda peke yake.

Badala yake Gerson alikaa na jirani yake Thobias, naye mkulima wa zabibu, mtu mwenye sauti ya chini na asiyeishiwa habari. Gerson alimweleza alichokiona barabarani. Thobias alichora chini kwa kijiti, kisha akasema kama mtu anayekohoa:

"Mimi sipendi kuingilia ndugu. Lakini kikulacho ki nguoni mwako. Wewe hukuwahi kujiuliza kaka yako alikuwa anafanya kazi gani ule mwaka mliogawana?"

"Alikuwa anachunga mbuzi."

"Alichunga mbuzi, na akawabebea wapima ardhi vigingi. Kule kule Msalato. Mimi mwenyewe nilibeba naye, kabla hamjagawana. Nilidhani amekwambia."

Alichohisi Gerson hakikuwa huzuni hasa. Kwa muda mrefu alikuwa ameshuku bila ushahidi, akijiona mtu mbaya kwa kumdhania ndugu yake. Sasa ilikuwa kama mtu amempa ruhusa.

Tangu hapo kila kitu kilipata maana. Alikumbuka kwamba kwenye msiba mmoja Bartolomayo alimvuta pembeni akamwambia, "Siku ukitaka kuliuza lile shamba usimuuzie mgeni, niambie mimi kwanza." Alipoambiwa hivyo aliona ni maneno ya ndugu. Sasa aliyageuza geuza akaona ni maneno ya mtu anayengoja tunda liive lianguke. Alikumbuka zawadi ya mbuzi aliyoletewa Krismasi. Hata yule mbuzi Gerson akamtilia shaka.

Nyumbani akawa haongei. Ritha akizungumza na simu, Gerson alipita karibu taratibu. Akichelewa kutoka sokoni alimuuliza amepitia njia gani. Ritha alijibu mara ya kwanza, mara ya pili alijibu kwa kifupi, baadaye akaacha kujibu.

Wakati huo mizabibu ilikuwa inahitaji maji kuliko wakati wowote. Ulikuwa msimu wa pili wa mwaka, ule usio na mvua, ambao zabibu huishi kwa mkono wa mwenye shamba tu. Vichala vilikuwa vimeshafunga, punje za kijani ngumu kama kunde. Na kisima kikakauka. Pampu ilivuta tope, halafu ikavuta hewa ikilia kama mtu mwenye pumu. Gerson alishuka ndani kwa kamba, akachimba na kutoa matope kwa ndoo. Maji yalirudi kidogo, machungu kiasi kwamba punda wa jirani aliyaonja akainua kichwa. Majani ya mistari ya juu yakaanza kujikunja.

Asubuhi moja akasikia muungurumo. Boza la maji, refu, lilikuwa linakata kona kuingia shambani kwake, likivunja matawi ya michongoma. Dereva akashuka, kijana mchangamfu aliyevaa kofia ya kufuma. Akajitambulisha kwa jina la Habibu.

"Shikamoo mzee. Maji haya. Niyamwage wapi?"

"Marahaba. Nani kayaagiza?"

"Mzee Bartolomayo wa Msalato. Kasema maji ya baridi, hayana chumvi, nije kila baada ya siku chache mpaka mvune. Una tangi au nimwage mferejini?"

Gerson alilitazama boza. Maji yalikuwa yanadondoka kwenye bomba la nyuma, tone baada ya tone, na pale yalipoangukia vumbi liligeuka rangi. Alijua kabisa maji hayo yangefanya nini kwenye mizizi. Lakini alichokiona zaidi ni mwisho wa jambo: mavuno yametoka, watu wote wanajua yametoka kwa maji ya Bartolomayo, na Bartolomayo amekaa kwenye kiti cha plastiki, anasema sasa ndugu yangu, tuzungumze juu ya hili shamba.

"Mwambie ahsante," akasema. "Mwambie kisima changu kinatosha."

Habibu alikitazama kisima, akaitazama mizabibu. "Mzee, haya majani..."

"Nimesema kinatosha."

Kijana alijikuna shingo. "Mimi nimetumwa tu. Nikirudi nayo ataniuliza kwa nini."

"Akiuliza, mwambie Lutu amekataa."

Habibu hakuelewa, na haikumhusu. Akapanda gari, akageuza kwa shida kwenye njia nyembamba, akaondoka. Gerson alibaki amesimama wima, anajiona ameshinda. Ushindi huo ulidumu mpaka alipogeuka akamwona Ritha mlangoni, mikono kichwani kama mtu aliyeletewa habari ya kifo.

"Umelirudisha?"

"Nimelirudisha. Yule mtu hanipati mara mbili."

"Mtu gani? Mimi ndiye niliyeomba!"

Gerson aligeuka kutazama njia lilikoondokea boza.

"Mimi, Ritha. Nilikwenda Msalato kwa shemeji Loisi, nikamwambia mizabibu inakufa na Baba Tumaini amefunga mdomo. Loisi akamwambia mumewe. Kaka yako hata hakuuliza swali, alipiga simu ya boza nikiwa bado nimeshika kikombe. Nilikuwa najua utauliza. Sikujua kwamba utafukuza."

"Ulikwenda bila kuniambia."

"Ningekwambia ungekataa!" Sauti yake ilipanda mpaka kuku wakatawanyika. "Unajua tulisoma nini siku ile uliyokataa kwenda kwenye somo? Uliposusa, hadithi ilikuwa haijaisha. Lutu alitekwa. Wafalme walikuja wakamchukua yeye na mali yake yote. Na unajua nani alichukua watu wake akaenda kumkomboa? Ibrahimu yule yule. Wewe umesoma sura moja ukafunga kitabu, halafu unajiita Lutu mbele ya dereva."

Aliingia ndani. Kwa wiki nzima walizungumza mambo ya chumvi na kuni tu.

Mistari ya juu ilikufa. Vichala vilisinyaa vikiwa bado vya kijani, majani yakawa ya kahawia, na ukiyashika yanavunjika kama karatasi kuukuu. Mistari ya chini, karibu na kisima, ilishikilia uhai kwa ndoo za maji machungu ambazo Gerson alizibeba mabegani asubuhi na jioni. Alipokuwa akibeba alijaribu kumlaumu Bartolomayo, kama alivyozoea, lakini lawama ilikuwa haishiki vizuri. Ya kwanza, ya shamba, ilikuwepo bado. Hii ya pili, ya boza, haikuwa na mwenyewe mwingine. Alilirudisha yeye, kwa mdomo wake, mchana kweupe.

Akaamka siku moja, akavaa shati safi, akaenda Msalato.

Alimkuta kaka yake zizini, anamkata kwato mbuzi mwenye kilema. Nywele za Bartolomayo zilikuwa zimeingia mvi nyingi tangu mara ya mwisho walipokaa pamoja. Nyuma ya nyumba ya bati la bluu malori yalikuwa yanapita na vifusi, vumbi lake limefunika kila kitu, hata maua ya Loisi.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Mbukwa." Bartolomayo alimwamkia kwa Kigogo bila kuacha kazi. "Karibu. Shika huyu miguu."

Gerson alishika miguu ya mbuzi. Ilikuwa afadhali kuwa na kitu cha kushika.

"Kaka, nimekuja kukuuliza jambo, na usinijibu kwa mfano. Siku ile uliponiambia nichague, ulijua?"

Kisu kilisimama, kisha kikaendelea. "Nilibeba vigingi."

"Najua. Thobias ameniambia."

"Basi Thobias amekwambia nusu. Sikujua ni uwanja wa ndege. Wapima wenyewe, mmoja alisema barabara, mwingine alisema kambi. Nilichojua ni kwamba kuna kitu kinakuja huku. Kingeweza kuwa heri. Kingeweza vilevile kutufukuza tukaondoka na masufuria kichwani."

"Kwa nini hukuniambia?"

Bartolomayo alimwachia mbuzi akakimbia akichechemea. Alijifuta mikono kwenye suruali, akakaa juu ya jiwe la kunolea.

"Jibu zuri ninalo," akasema. "Nimelitayarisha siku nyingi. Kwamba wewe ulikuwa na watoto wadogo, nikaona uchukue penye maji ya uhakika, mimi nibaki na kubahatisha. Hata Loisi anajua hilo. Watu kanisani wananisifu kwa hilo."

"Na lisilo zuri?"

"Nilichoka, Gerson. Nilichoka kuwa mkubwa. Tangu baba afariki, mvua isiponyesha ni Bartolomayo, mche ukiliwa ni Bartolomayo. Nikajua nikikwambia habari za vigingi utaniuliza, kaka unashauri nini? Na nikikushauri vibaya utanilaumu mpaka kaburini. Basi nikakuachia. Nikasema, anayechagua hana wa kumlaumu. Kumbe lawama ilikuja vilevile, tena bila kubisha hodi."

Gerson alimtazama sana. Alikuwa amejiandaa kwa uongo mtamu, na alikuwa amejiandaa kwa ukweli mchungu wa kwamba amepunjwa. Kwa hili hakuwa amejiandaa. Halikuwa na uzuri wowote, na kwa sababu hiyo nusu ya moyo wake ililiamini. Nusu nyingine haikulala.

"Na haya nayo umeyatayarisha?"

"Haya?" Bartolomayo akacheka kidogo, bila furaha. "Nani atayarishe haya?"

"Na uliponiambia nikiuza nikuuzie wewe?"

"Kaburi la baba liko kwenye shamba lako. Ulitaka nikae kimya, mgeni aje ajenge choo juu yake?"

Gerson hakuwa amelifikiria kaburi kwa upande huo. Alilipita kila siku, akalizoea, akaliona ni lake peke yake. Aliona aibu, lakini hakutaka ionekane, akainama kuokota kamba ya mbuzi.

"Mistari ya juu imekufa," akasema.

"Habibu aliniambia itakufa. Nililia, ukitaka kujua. Ile ya juu ndiyo aliyotufundishia baba kupogoa."

"Ya chini ipo bado. Sijui niimwagilie yote kidogo kidogo, au niache nusu ife ili nusu ipone. Kila nikiamua naona nakosea."

Bartolomayo alinyoosha mikono kama mtu anayesukuma kitu. "Shamba ni lako. Chagua utakalo..."

"Hapana." Gerson alisema kwa nguvu mpaka mwenyewe akashtuka. "Hapana, kaka. Safari hii chagua wewe. Wewe ndiye mkubwa. Uchague, ukosee, nikulaumu."

Walitazamana. Lori lilipita, vumbi likawafunika wote wawili. Lilipotulia Bartolomayo alikuwa ameshasimama, anatafuta funguo za gari mfukoni.

Walifika Makutupora jua likiwa bado kali. Ritha alipowaona wanashuka kwenye pikapu moja aliongeza unga kwenye sufuria. Bartolomayo alitembea kwenye mistari ya chini kwa muda mrefu, akikwaruza magome kwa ukucha kuona kama ndani kuna ubichi, akiinama, akinusa udongo. Gerson alimfuata nyuma. Kila kaka yake aliposimama karibu na mpaka wa shamba na kutazama mbali, Gerson alijikuta naye anatazama huko huko, anajaribu kuona alichokiona yeye.

Mwishowe Bartolomayo alionyesha kwa kidole. "Kuanzia hapa mpaka kwenye nguzo ile iliyoinama, acha ife. Punguza vichala kwenye hii iliyobaki, nusu yake vitupe. Nitamwita Habibu kesho, maji yaje hapa tu."

"Hii unayosema ife ndiyo inayozaa sana."

"Ndiyo inayokunywa sana. Umeniambia nichague, nimechagua."

Roho ilimuuma Gerson. Lakini kesho yake boza lilikuja, na safari hii alishika bomba mwenyewe. Habibu alikuwa na adabu ya kutokumbusha kitu. Kwa siku kadhaa ndugu wawili walipunguza vichala, punje za kijani zikijaa kwenye ndoo kwa ajili ya kulishia mbuzi, na mistari iliyohukumiwa ikanyauka mbele ya macho yao. Bartolomayo hakuitazama sana. Siku moja Gerson alimwona ameshika tawi moja lililokufa, anazungumza nalo chini kwa chini kwa Kigogo. Hakusogea karibu kusikiliza.

Mavuno yalikuwa madogo. Zabibu zenyewe zilikuwa tamu na za rangi nzito, na mnunuzi alipokuja hakuzirudisha. Kama Bartolomayo angechagua tofauti zingekuwa nyingi zaidi, au zisingekuwepo kabisa. Thobias alisema zingekuwa nyingi zaidi. Gerson alimsikiliza, akamuuliza mizabibu yake yeye mwaka huu inaendeleaje.

Somo la Jumamosi liliendelea. Gerson alirudi, akakaa nyuma. Evelina alikuwa amefika kwa Yakobo aliyevaa ngozi za mbuzi ili baba yake kipofu ambariki, na aliuliza kama kuna mwenye swali. Watu wote waligeuka kumtazama Gerson. Alitikisa kichwa, na mwalimu akaendelea.

Jioni hiyo wakiwa njiani kurudi nyumbani Ritha alimuuliza, "Sasa unamwamini kaka yako?"

"Sijui. Kuna siku namwamini, kuna siku naamka nimekasirika. Lakini siku hizi nikimshuku nampigia simu, namwambia, kaka, leo nakushuku."

"Yeye anasemaje?"

"Ananiuliza kwa habari ya nini. Namweleza. Mara nyingine anakuwa na jibu, mara nyingine hana."

Ritha alihamisha Biblia kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. "Na mimi?"

"Wewe ulikwenda Msalato bila kuniambia."

"Ningekwambia ungekataa."

"Ningekataa," Gerson akakubali.

Ritha alicheka kwa sauti, kisha akamwambia aharakishe, maana kuku walikuwa bado hawajafungiwa.